Mchele Hauivishwi na Moshi

Wako wasemao kwamba wali uliopikwa kwa maikrowevu, tena katika chungu cha plastiki, si wali. Hoja hiyo ni dhaifu. Kiivishacho mchele ni maji yachemkayo, wala si moshi. Maji hayo hayapiti nyuzi 100 za Selsiasi. Plastiki ya polipropilini, yenye alama ya 5, huyeyuka karibu na nyuzi 160. Basi chungu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo husalimika maadamu maji yamo. Kopo lolote la dukani lisitiwe humo. Kweli, ukoko tutaukosa. Lakini jiko la makaa katika chumba kilichofungwa limekwisha kuua watu usingizini kwa hewa ya sumu. Heri kukosa ukoko kuliko kukosa pumzi.