Safari ya nishati safi ya kupikia: Usalama wa jiko la kuni usisubiri mwaka 2034

Mei 8, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dar es Salaam Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kuhakikisha kuwa asilimia 80 ya Watanzania wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Tangu wakati huo wananchi wamesikia mengi kuhusu mitungi ya gesi ya kilo 6 na majiko banifu yanayotolewa kwa bei ya ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA).

Hata hivyo, takwimu hiyo ina upande wa pili unaostahili kutafakariwa. Lengo hilo likitimia kikamilifu, Mtanzania mmoja kati ya watano bado atakuwa akipikia nishati isiyo safi mwaka 2034. Kabla ya hapo, mamilioni ya kaya zitaendelea kuwasha kuni na mkaa kila siku, na kaya nyingi zilizokwisha kununua mtungi wa gesi bado hurejea kwenye kuni pindi gesi inapokwisha au maharage yanapohitaji kuchemka kwa saa kadhaa. Kwa kaya hizo, swali la leo ni namna ya kulitumia jiko lililopo bila kupoteza afya wala maisha.

Uzito wa swali hilo ni mkubwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa ya ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Wanaoathirika zaidi ni wanawake na watoto, kwa kuwa ndio wanaokaa muda mrefu karibu na moto.

Moshi wa kuni, pamoja na madhara yake, una jambo moja la kusaidia: humwonya mtu. Macho huwasha, kikohozi huanza, na mtu hulazimika kutoka nje. Mkaa uliokolea hauna onyo hilo. Hautoi moshi wa kuonekana, hivyo wengi huudhania kuwa salama, ilhali hutoa gesi ya kaboni monoksaidi kwa wingi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo kuunyima ubongo na moyo hewa. Aliyelala huweza kufariki dunia bila kuamka.

Hatari hii huongezeka msimu wa baridi, kati ya Juni na Agosti, hususan katika maeneo ya nyanda za juu kama Makete, Njombe, Mbeya na Lushoto, ambako baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto. Kanuni hapa haina mjadala: jiko la mkaa au la kuni lisilo na dohani lisiingizwe katika chumba cha kulala, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Iwapo watu waliomo katika chumba kimoja wanaumwa kichwa, wanahisi kizunguzungu au kichefuchefu kwa wakati mmoja, watolewe nje mara moja na wapelekwe kituo cha afya. Kunywa maziwa, kama wengi wanavyoamini, hakuondoi gesi hiyo katika damu.

Kwa upande wa jiko la kuni, usalama huanzia kwenye kuni zenyewe. Mti uliokatwa karibuni huweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na moto hutumia nguvu kubwa kuyakausha maji hayo kabla ya kuivisha chakula. Matokeo yake ni moshi mwingi na kuni nyingi. Kuni zipasuliwe vipande vyembamba, zipangwe mahali penye upepo na pasiponyeshewa, na zitumike zikiwa kavu kabisa. Plastiki, matairi na mbao zilizopakwa rangi zisitumike kuwashia moto, na mafuta ya taa au petroli yasimiminwe kamwe kwenye makaa.

Jiko lenye dohani hupunguza moshi ndani ya nyumba, mradi dohani hiyo itokeze juu ya paa, ipite mbali na nyasi, makuti au mbao, na isafishwe masizi mara kwa mara. Majivu nayo yanahitaji tahadhari, kwani makaa yaliyofunikwa humo huweza kubaki na moto hadi siku inayofuata. Yawekwe katika chombo cha bati chenye mfuniko, nje ya nyumba.

Mafuta yakishika moto kwenye kikaango, yafunikwe kwa mfuniko na yasimwagiwe maji. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kupakwa dawa ya meno, mafuta wala majivu. Moto ukishindikana, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa simu namba 114.

Hatua nyingi kati ya hizi hazihitaji fedha. Zinahitaji uamuzi wa familia nzima. Mara nyingi anayepanga matumizi ya fedha au ujenzi wa jiko siye anayevuta moshi wake. Baba anayejenga nyumba mpya akitenga jiko lenye madirisha mawili yanayotazamana, amelinda mapafu ya mkewe na wanawe kwa miaka mingi, hata kabla ya gesi au umeme kufika.

Kutumia kuni kwa usalama hakupingani na mkakati wa Taifa. Ni sehemu ya kipindi cha mpito, na mafanikio ya kipindi hicho yatapimwa pia kwa idadi ya watu watakaofika mwaka 2034 wakiwa na afya njema.