Masuwa ya watalii mu Lualaba: feza itabaki wapi?

Kila mara watu wanapoongea juu ya utalii katika Maniema, Lualaba njo inatajwa ya kwanza. Mto mkubwa, msitu, historia: wageni watakuja, feza itaingia. Sisi tunawaandikia watu wa mashimo ya Salamabila na Kabambare, pamoja na jamaa zao, watu wanaojua vizuri kama mali inaweza kutoka mbele ya macho yako na bei yake ikapangwa mbali. Kwa hiyo tuangalie hesabu ya biashara hii upande wa yule anayeuza safari.

Kwake, masuwa ni hoteli yenye kutembea. Mteja analipa bei moja: kitanda, chakula, muongozaji, safari yenyewe. Tena analipa miezi mingi mbele ya kupanda, na kampuni inafanya kazi na feza yake. Jioni msafiri hawezi kuvuka barabara aende kula kwa mama jirani, barabara haiko. Bia na divai ananunua palepale. Hata kutelemka kwenda kutazama soko kunauzwa, na muuzaji anakata sehemu yake. Na kama mto mmoja umeharibika, yeye anauza mto mwingine. Kampuni ya Viking ilianza mwaka 1997 na masuwa nne za Urusi. Mei 2024 iliingia ku soko la hisa la New York.

Afrika pia imo. CroisiEurope, kampuni ya Strasbourg kule Ufaransa, tangu 2018 inatembeza African Dream ku ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe. Ina vyumba 8 tu. Nane! Faida haitoki ku wingi wa watu, inatoka ku bei ya kila kitanda. Senegal wana Bou El Mogdad, masuwa ya zamani iliyokuwa inabeba barua, mizigo na abiria. Leo inabeba watalii kati ya Saint-Louis na Podor. Sisi mfano huu ndio unatupendeza zaidi, maana njiani kuna miji ya kutelemkia, na mtu akitelemka, mfuko wake unatelemka naye.

Sasa Lualaba. Masuwa inaweza kupita vizuri kutoka Kindu mpaka Ubundu, kilometa 310 hivi. Chini ya Ubundu maporomoko yanafunga njia mpaka Kisangani. Njo maana kule kulijengwa reli, iliyomalizika 1906. Juu ya Kindu pia mawe yanakataza, na reli ya Kindu-Kongolo ilimalizika 1911. Maana yake ni hii: masuwa ya watalii ya Kindu haitafika Kasongo, na Kabambare ndiyo mbali zaidi. Kwetu kutakuwa safari ya pembeni, ya gari-moshi na ya barabara, na muuza safari anahesabu kila siku inayopotea njiani.

Cha kumvuta kipo. Kasongo ilikuwa mji wa Tippu Tip. Nyangwe, ku ukingo wa Lualaba, Livingstone aliona watu wakiuawa sokoni tarehe 15 Julai 1871. Na mwaka mmoja mbele ya hapo, huyohuyo alikaa Kabambare miezi mingi, mgonjwa wa vidonda vya miguu. Wageni wa namna ile wanalipa bei kubwa kwa historia kama hizi, kuliko kwa mamba.

Lakini Machi 2017 wafanyakazi watano wa mgodi wa Namoya walitekwa nyara, mmoja Mfaransa, mmoja Mtanzania, watatu Wakongomani. Mtu wa bima kule Ulaya hasahau jambo kama hilo. Bila bima, safari haiuzwi, hata mto uwe mzuri namna gani. Usalama wa Salamabila, ule mchimbaji anaoulilia kila siku, ndio pia mlango wa utalii.

Kuna jambo moja tumejifunza ku migodi. Sheria ya migodi ya 2018 inaomba kampuni itie sahihi mkataba wa maendeleo na watu wa mahali, na itoe angalau 0,3 ku mia ya mauzo yake kwa ajili yao. Karatasi si feza, tunajua. Lakini bila karatasi hauna hata pa kuanzia kudai.

Basi siku mwenye masuwa atakuja Kindu kuomba ruhusa, wabunge wa jimbo wamuulize mbele ya kumpa: mchele wa jikoni mwake utatoka Kasongo ao utakuja na ndege? Waongozaji watakuwa watoto wa nani? Na ku bei ya kutelemka Nyangwe, dola ngapi zitalipwa Nyangwe kwenyewe, mbele masuwa haijang'oa nanga?