Darubini ya Shabaha kwa Mshahara wa Askari

Askari apendaye kulenga shabaha huchoka kuiendea karatasi kila mara ili aone risasi zilikopenya. Darubini humwondolea safari hiyo. Lakini dukani hutangulizwa namba kubwa, mara 60! Namba hiyo isimtie tamaa akagusa akiba ya ada ya shule.

Darubini ikuzayo mara 20 huionyesha karatasi iliyo mita 100 kana kwamba iko mita 5 tu. Tundu la risasi ya milimita 5.56 huonekana, hasa penye sehemu nyeupe. Kioo cha mbele kikiwa cha milimita 60, mwali wa nuru uingiao jichoni una upana wa milimita 3. Akikuza mara 60, hubaki milimita 1, na picha hufifia. Tena adhuhuri mvuke wa joto nao hukuzwa, karatasi ikachezacheza kama iliyo majini.

Fedha ibakiyo na inunue miguu mitatu iliyo imara, kwa maana mtikisiko pia hukuzwa. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kuitoa nje, asome bango la mbali. Herufi zikiwa na ukungu, airudishe, aende zake.