Tiba ya goti kwa seli shina: Ahadi imetangulia ushahidi

YEYOTE aliyemwona mzazi wake akishika ukuta ili ainuke kitini anajua kuwa maumivu ya goti si jambo la mzaha. Si ajabu basi kwamba habari za seli kukuzwa maabarani na kurudishwa mwilini ili kutengeneza mfupa na gegedu hupokelewa kwa shangwe.

Hata hivyo, shangwe hiyo yapaswa kupimwa.

Sayansi yenyewe si ya ubabaishaji. Tangu miaka ya 1960, Alexander Friedenstein wa Moscow alionyesha kwamba uboho una seli zenye uwezo wa kuunda mfupa. Mnamo 1991, Mmarekani Arnold Caplan alizipa jina la seli shina za mesenkima.

Seli hizi ni adimu mno, na ndiyo sababu hulazimu kukuzwa. Daktari hufyonza uboho kutoka nyongani, kisha maabara huutia katika chombo cha plastiki. Seli zinazotakiwa hunata chini, nyingine huondolewa. Hulishwa katika joto la nyuzi 37 kwa majuma kadhaa hadi zifike mamilioni. Lakini kadiri zinavyozidi kuzalishwa ndivyo zinavyochoka na kupoteza uwezo wake.

Kuna mafanikio kiasi. Korea Kusini iliidhinisha mwaka 2012 dawa ya gegedu la goti inayotokana na seli za damu ya kitovu.

Hata hivyo, mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyiwa wagonjwa 475 wa goti nchini Marekani. Walidungwa ama seli kutoka kwa uboho, mafuta ya mwili au kitovu, ama kotikosteroidi, sindano ya kawaida ya kutuliza uvimbe. Baada ya mwaka mmoja, hakuna aina ya seli iliyoishinda sindano hiyo.

Caplan mwenyewe alipendekeza mwaka 2017 jina alilolitoa libadilishwe. Alisema kazi kubwa ya seli hizo mwilini ni kutoa kemikali zinazochochea uponyaji, wala si kugeuka kuwa gegedu jipya.

Mahakama ya rufaa ya Marekani nayo iliamua mwaka 2014 kwamba seli zilizokuzwa maabarani ni dawa, hivyo sharti usalama na ubora wake uthibitishwe.

Hapa kwetu, familia nyingi hufanya harambee au kuuza ardhi ili kupeleka mgonjwa India. Mfa maji haachi kutapatapa, na hakuna wa kumlaumu. Wa kulaumiwa ni anayemuuzia majaribio kwa bei ya tiba.

Kabla ya kulipa, mgonjwa aulize: Je, tiba hii imeidhinishwa na nani, kwa ugonjwa upi, na imelinganishwa na nini? Wizara ya Afya nayo isisubiri waathiriwa ndipo itoe mwongozo.