Kazi ya yaya ni ile ile, sheria za Nairobi na Riyadh ni mbali mbali

MFANYAKAZI wa nyumbani jijini Nairobi na mwenzake aliyeko Riyadh hufanya kazi ile ile: kupika, kufua, kupiga deki na kulea watoto wa wenyewe. Kinachowatenganisha ni jinsi sheria ya nchi inavyomtazama kila mmoja wao.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimbagui yaya na karani wa benki. Wote wana haki ya kupumzika angalau siku moja katika kila siku saba, na ya likizo ya siku 21 kwa mwaka yenye malipo. Anayelipwa kwa mwezi, akichoshwa na mwajiri, hutoa ilani ya siku 28 akafunga virago.

Saudi Arabia ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya kazi ya mwaka 2005 iliwatenga watumishi wa nyumbani waziwazi, nao wakakaa hadi mwaka 2013 ndipo wakaandikiwa kanuni zao. Kanuni hizo zilimhakikishia mtumishi saa tisa za mapumziko kwa siku. Hebu piga hesabu, msomaji: saa 15 zilizosalia angeweza kufanyishwa kazi pasipo kanuni hiyo kuvunjwa. Kanuni mpya zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zimeweka kikomo cha saa 10, jambo la kupongezwa.

Hata hivyo, saa si kiini cha matatizo. Kiini ni mfumo wa kafala, ambao kwa miongo mingi umekifunga kibali cha mgeni kwa mwajiri wake. Mageuzi ya Machi 2021 yaliwaruhusu wafanyakazi wengi wa kigeni kuhamia kwa mwajiri mwingine bila idhini, ila watumishi wa nyumbani waliachwa nje. Msichana aliyekimbia kipigo au kunyimwa mshahara aliweza kuripotiwa kuwa mtoro, na papo hapo mlalamishi akageuka mshukiwa wa uhamiaji. Mwaka huo huo wa 2021, Wizara ya Mambo ya Nje iliwaeleza wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia tangu 2019. Maelezo yaliyotolewa huko kuhusu vingi vya vifo hivyo yalikuwa mshtuko wa moyo, maelezo ambayo ni vigumu kuyameza ikikumbukwa kuwa wengi wa wanaokwenda kule ni vijana.

Jawabu la Kenya kwa muda mrefu lilikuwa marufuku. Safari zilisimamishwa mwaka 2012, kisha tena mwaka 2014 ambapo leseni za mawakala 930 zilifutwa. Wasichana hawakuacha kusafiri. Walipitia njia za panya, wasiandikishwe popote.

Ufilipino ilifanya vingine. Sheria yake ya mwaka 1995 iliagiza kuwekwa kituo cha huduma, kilicho wazi usiku na mchana, katika kila nchi yenye wafanyakazi wake 20,000 au zaidi. Takriban miaka 12 baadaye ikatangaza kuwa hakuna raia wake atakayekwenda kuwa mtumishi wa nyumbani kwa mshahara usiofika dola 400 kwa mwezi. Riyadh ilikataa. Mnamo Julai 2011 ikasitisha viza za watumishi kutoka Ufilipino na Indonesia, na mawakala wakageukia nchi nyingine, Kenya ikiwemo. Manila haikutetereka. Mwaka 2012 Saudi Arabia ilikubali dola 400, na Mei 2013 mataifa hayo mawili yakatia saini mkataba kuhusu watumishi wa nyumbani. Kanuni za kwanza za Saudi Arabia, zile za 2013, zilifuata miezi michache tu baadaye.

Dola 400 ni riyali 1,500. Mkenya katika nyumba hiyo hiyo mara nyingi amekuwa akipata riyali 900 hivi. Sheria ya Saudi Arabia ni moja kwao wote wawili. Tofauti imetokana na serikali zilizowatuma.

Kuna jambo linalotupunguzia nguvu mezani. Agizo la mishahara la mwaka 2024 liliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani Nairobi kuwa Sh16,113 kwa mwezi. Ni nyumba ngapi mtaani kwako zinazolipa kiasi hicho? Mjumbe wa Riyadh akiulizwa kuhusu riyali 900, anaweza kumwuliza mjumbe wetu hayo hayo.

Mkataba baina ya nchi hizi utakapofunguliwa upya, kifungu cha mshahara ndicho cha kwanza kutazamwa. Cha pili ni kile cha kusema ni afisa gani wa ubalozi, mwenye gari na mkalimani, atakayebisha hodi kwa mwajiri siku simu ya malalamiko itakapopigwa saa nane za usiku.