Skani imeonyesha kitu. Nani aambiwe kwanza?

Hapa Eldoret wamama wengi wakienda skani wanataka kujua vitu viwili: mtoto yuko sawa, na ni msichana ama mvulana. Sasa mashine ikionyesha maji yamejaa kichwani, au uti wa mgongo haujafunga, anayeitwa kando wakati mwingine ni mume. Ama mama mkwe. Mwenye tumbo anaambiwa wataongea baadaye.

Wanaotetea hiyo tabia husema mama atashtuka, presha ipande. Na wana kipengele cha kushikilia. Sheria ya Afya ya 2017, sehemu ya 8, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, isipokuwa kuwe na ushahidi mzito kwamba kumwambia kutaenda kinyume na maslahi yake. Someni tena: ushahidi. Kumwonea mtu huruma si ushahidi. Sehemu hiyo hiyo inasema aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Kama ni Kinandi, atafutwe anayejua Kinandi, si kupewa bahasha ya Kiingereza.

Kuna hoja ngumu zaidi. Wasee huuliza, kumwambia kuna faida gani, na kuavya mimba Katiba imekubali tu pakiwa na dharura, au maisha ama afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu? Kifungu cha 26(4) hakitaji kasoro ya mtoto. Kweli, nafasi ni finyu. Lakini hiyo ripoti haiamui kuavya peke yake. Kichwa kikiwa kikubwa sana, mtoto anaweza kukwama akizaliwa. Mgongo ulio wazi unahitaji upasuaji siku za kwanza kabisa, kabla viini havijaingia. Mama anayejua mapema anapanga kujifungulia Hospitali ya Rufaa ya Moi, karibu na wapasuaji. Aliyefichwa anaweza kushikwa na uchungu kijijini, usiku, gari hakuna.

Na mume? Aambiwe, mke akikubali. Najua wengine mtasema hayo ni mambo ya wazungu. Haya, lakini maneno yakianza, ati laana imetoka ukoo gani, anayerudishwa kwao ni nani?

Mimi naona swali liulizwe kabla jeli haijapakwa tumboni: tukiona kitu usichotarajia, tukuambie ukiwa peke yako ama na nani? Watakuwepo wasiotaka kujua lolote, na hiyo ni haki yao. Ila hata hao waambiwe ni hospitali gani wakajifungulie.