Mkato mmoja, mizigo miwili

Mfanyabiashara wa Goma akiandika tani 1,250 za maharage, anamaanisha tani moja na robo. Kwa desturi ya Kifaransa, mkato hutenga desimali. Hesabu hiyo ikinakiliwa kwenye Excel ya mnunuzi wa Nairobi, ambako mkato hutenga maelfu, inageuka tani elfu moja mia mbili hamsini. Kompyuta haitoi onyo lolote. Ankara, gharama za lori na malipo hufuata kosa hilo.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Soko limeungana, tarakimu bado. Jumuiya ichague alama moja. Hadi hapo, wafanyabiashara waandike kilo 1250 bila mkato wala nukta, kisha kiasi kwa maneno. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lisomwalo namna mbili ni hivyo hivyo.